Senje Roda na Minyoo ya Kima

Senje wangu Roda, dada ya baba, anasomanga mavi ya kima. Msicheke, hiyo ndiyo imemfanya daktari! Miaka kumi na mbili anatoka kwake Shieywe asubuhi mapema, anaingia msitu, anafuata kima mpaka mmoja aachilie kitu kutoka juu ya mti. Anaokota, anaweka kwa kichupa, halafu chuoni anatafuta mayai ya minyoo na hadubini. Alinionyesha siku moja. Wueh! Yanakaa kama ndimu ndogo, safi kabisa.

Sasa mwaka jana hizo ndimu zikaanza kuonekana kwa kima wake. Kundi lingine, lile hakuna mtu analifuata, halikuwa na hata moja. Senje akajua kuna mtu kwa timu yake anajisaidia kichakani badala ya kutembea mpaka choo ya kambi. Kima wanashuka kuokota matunda hapo chini, wanameza mayai.

Akaamua ni Wanyama. Huyo mzee wa Iguhu ndiye alimfundisha kujua kila kima kwa sura, lakini ndiye pekee hakusoma. Senje hakupima. Akamfukuza mbele ya wenzake sita.

"Daktari, mimi natembeanga mpaka choo," Wanyama akasema.

"Basi minyoo imekuja na miguu yake?"

Watu wakacheka. Wanyama akaenda.

Lakini mayai hayakuisha! Ashley, mwanafunzi wake, akapima timu yote. Wote safi. Akabaki amesimama na kichupa kimoja tupu.

"Daktari, na yako?"

Yaani senje ndiye anapatianga watu dawa ya minyoo kila miezi tatu, anawaangalia mpaka wameze. Yake hajawahi kumeza. Kuweka macho kwa hadubini, ndimu zimejaa. Hapo ndio akakumbuka vile amekuwa akiingia nyuma ya mti, dakika mbili tu, ndio kima wasimpotee.

Nilimpikia ingokho, kuku wa kienyeji, aki hakugusa. Senje na ingokho!

Jumamosi tukaenda Iguhu. Wanyama alikuwa anapalilia mahindi, na hakuacha jembe.

"Baba Beverly, minyoo ni yangu," senje akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake.

Wanyama akamwangalia tumbo. "Pole. Umemeza dawa?"

"Nimemeza. Nisamehe. Rudi kazi."

"Ulinifukuza watu sita wakisikia. Hao wataambiwa na nani?"

Jumatatu akawaambia wote sita, Wanyama akiwa hapo. Hata kwa ripoti ameandika, na jina lake mwenyewe. Wanyama akamshika mkono, akaaga kila mtu, akarudi kwake. Kazi alikataa.

Senje bado anafuata kima. Bila Wanyama, ikifika saa nne washampotea, anarudi na vichupa viwili tu. Nikimwuliza mbona asiandike mtu mwingine kazi, anasema hiyo nafasi ni ya Wanyama.