Nyumba Mbili za Fundi

Hapa kwetu kwenye nyumba za ushirika, bomba likivuja watu hawasemi bomba limevuja. Wanasema, "Mwite Fundi." Tulipakana naye ukuta kwa ukuta, huku chini karibu na matangi, kwa hiyo wengi walikosea wakagonga kwangu. Sikuchukia. Mimi mzee wa peke yangu, kugongewa mlango hata kimakosa nilikufurahia.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Kofia yake ya sufu haikutoka kichwani hata jua likiwaka. Ukimsalimu anaitikia kwa kichwa, anaingiza mkono chini ya sinki lako, na mara maji yananyamaza. Maneno ya wote wawili alipewa pacha wake. Huyo alikuwa kinyozi, akikaa ghorofa ya tatu, nasi tulimwita hivyo hivyo, Kinyozi. Sura moja, pua moja. Tuliwatofautisha kwa kofia na kwa mdomo.

Asubuhi moja Kinyozi alipita na mkoba wake wa mikasi, akaniambia, "Mzee, zitunze hizo nywele zako chache, nikirudi nizikute." Hakurudi. Hakupiga simu. Fundi alimtafuta hospitalini, polisi, kwa jamaa wa mbali, hata kule ambako mtu huingia akiomba asimkute wake. Patupu.

Sasa, ushirika una kanuni zake. Nyumba isiyokaliwa hupewa aliye kwenye foleni, na foleni ni ndefu, kuna watu watoto wao wanalala jikoni. Siwalaumu. Kila mwaka, kwenye mkutano wa uani, nyumba husomwa moja moja na mwanachama husimama mwenyewe aonekane. Hakuna kusimamiwa na mke wala shemeji, maana zamani watu walikuwa wakiwasimamia hata marehemu. Usiposimama, nyumba imekwenda. Na Fundi alishaniambia, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba ndugu yake akirudi akakuta kwake kuna watu wengine, atajua hakungojwa, ataondoka moja kwa moja.

Basi akawa anapanda kule juu mchana, anafungua madirisha, anayaacha maji yatiririke kidogo mabomba yasishike kutu. Ni kazi yake, hatukushangaa. Ila yule dada mshonaji anayepakana na Kinyozi kule juu akaja kwangu, sindano bado kaichomeka kifuani.

"Babu, kule ndani kuna mtu anacheka."

"Si Fundi huyo?"

"Fundi anajua kucheka?"

Siku chache baadaye nikakutana na mwenye kicheko mwenyewe kwenye ngazi, kichwa wazi, anashuka anapiga mluzi. "Shikamoo mzee wangu! Bado unazo nywele?" Nikaitikia, nikashika ukuta mpaka ndani, nikakaa kitandani. Sikumwambia mtu.

Siku ya mkutano ikafika. Mama Mwenyekiti alisoma akashuka, akasoma akashuka, hata akafika hapo.

"Ghorofa ya tatu, nyumba ya Kinyozi." Alilegeza sauti kama anayetoa habari za msiba.

Akasimama mtu, kichwa wazi, shati la maua la Kinyozi mwilini.

"Nipo, mama."

"We si Fundi wewe?" akauliza mweka hazina.

"Mzee wa hesabu, upara huo niliumalizia mimi, leo hunijui?"

Tulicheka mpaka viti vikalia. Ilikuwa sauti ya Kinyozi kabisa, na tulikuwa na hamu nayo. Mwenyekiti naye akatabasamu, akaweka alama. Tulidhani ni ujanja wa siku moja, kesho kofia itarudi kichwani.

Zikaja nyumba za chini. "Nyumba ya Fundi."

Hakusimama mtu.

"Fundi!" akaita tena, sasa anamkazia macho.

Yeye akageuza shingo kuangalia nyuma, kama sisi wote, aone nani atasimama.

"Ndugu yako," Mwenyekiti akasema polepole, "yuko wapi?"

"Hata mimi namtafuta, mama."

Hakuna aliyecheka. Walimpa muda, wakambembeleza, wakatuma wazee na mimi nikiwamo. Alitukaribisha vizuri, akatutania, akataka kuninyoa. Mwisho nyumba ya chini wakapewa mume na mke wenye mtoto mchanga. Watu wazuri, wanasalimia.

Majuzi bomba kubwa likapasuka karibu na matangi. Fundi mpya hatujapata. Nikapanda ngazi nikihema, nikagonga.

"Fundi, baba, tusaidie. Maji yanaingia kwa mtoto."

"Ndugu yangu hayupo, mzee," akanijibu kwa upole. "Akija nitamwambia."

Lakini akachukua ndoo, akashuka nami, kwani ni jirani mwema. Akachota pamoja nasi, suruali kaikunja, ananung'unika kama wengine. "Na huyu fundi naye! Ndiyo mtu anaondoka hivi hivi, bila kuaga?"

Koki kuu, ile iliyotushinda sisi wote kuifunga, ilikuwa usawa wa goti lake. Akaipita na ndoo imejaa. Akamwaga nje, akarudi, akaipita tena.