Kesi ya Pascaline

Hamissi, mchuuzi wa chumvi, alirudi kutoka Lilongwe akamkuta Pascaline kwenye cherehani. Hata mzigo hakuutua. "Mama Pascaline, bantu ba biro ya bakimbizi, kule City Centre, banakuita kesho. Banasema iko kesi yako."

Kesi! Mguu wa Pascaline ukakwama kwenye pedali. Mwaka huo, 1996, vita vya Uvira vilikuwa vimemtenga na mumewe Mulenda njiani, na hapa Dzaleka kila mtu alijua kambi yao ya wakimbizi ilikuwa gereza zamani. Akajipekua moyoni. Amemkosea nani? Jirani waliyezozana naye kisimani? Jioni hiyo aliifunika nsima, ugali wa huku, bila kuionja.

Asubuhi alimwomba Zihindula, aliyefundisha Kiingereza huko kwao, amsindikize. Ndani ya gari mwalimu alijaribu kumtuliza.

"Kwa Kiingereza, mama, case haiko ya tribinali tu. Sanduku, njo case. Mambo yako kule biro, case. Mugonjwa naye, case."

"Neno moja yote ile?"

"Iko mbili, zilifanana tu. Ya sanduku ilitoka kwa Kilatini, kushika kitu ndani. Ile ingine ilitoka kwa kuanguka. Jambo yenye ilimwangukia mutu."

"Basi mi nimeangukiwa ya kutosha," Pascaline akasema, akikaza kitenge kiunoni. Hakutulia hata kidogo.

Ofisini, dada mmoja wa Kimalawi alieleza mengi kwa upole. Pascaline alidaka case, kisha tena case. Halafu akasikia jina la Mulenda. Uso wa Zihindula ukabadilika.

"Anasema nini? Bamemufunga?"

"Hapana. Ni mugonjwa. Bamemutoa Karonga, kule mupakani, sasa iko hospitali hapa mujini. Alitaja jina yako."

"Iko muzima?"

"Jana alikuwa muzima."

Jana! Pascaline hakungoja hata kuaga.

Wodini alipita vitanda akitafuta mabega mapana aliyoyajua. Alimpita mtu mmoja aliyekauka kwa kipindupindu, midomo imepasuka, akaendelea mbele.

"Paska," mtu yule akaita kwa sauti ya kukwaruza. "Unaenda wapi?"

Pascaline akageuka. Akaketi sakafuni palepale, akakamata mguu wa mumewe chini ya blanketi, asiuachie hata muuguzi alipomsihi mara mbili ainuke.

Mulenda alifika Dzaleka mvua zilipochanganya, akitembea kwa fimbo, akilalamika njaa.