Moshi wa Meli Nilioupeleka Nyololo kwa Mdomo Wangu

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Sio la upepo, sio la kiangazi, na sio la dada yangu kama watu wa Nyololo wanavyojua mpaka leo. Ni la mdomo wangu huu huu.

Mi ni utingo wa lori, nakaa Soweto, Mbeya. Shule niliionea dirishani. Lakini kwa porojo, hapo usinishindanishe na mtu. Nikisimulia mvua, lazima samaki waanguke. Nikisimulia baridi ya Mufindi, lazima kuku wavae sweta. Mama alikuwa anasema siku nilipozaliwa nilianza kwa kumdanganya mkunga. Watu wakicheka, mi nanenepa.

Mdogo wangu wa kike, nimwite Atu, aliolewa na Mhehe huko Nyololo. Mi Mnyakyusa, basi yule bwana kwangu akawa shemeji na mtani kwa pamoja. Lori likipita kule na dereva akiwa na moyo, nashuka barabarani nakwenda kuwasalimia.

Nikifika mlangoni namsalimia kwa Kihehe, namtupia na ule utani kwamba Wahehe wanakula mbwa, "Kamwene, shemeji. Mbona mbwa simwoni? Mmeshamla?"

Na yeye bila hata kugeuka, "Atu, zima redio. Kaka yako kafika, kelele zinatosha."

Tunacheka mpaka tunashikana mabega. Yule mtu nilimpenda jamani. Ndugu wa tumbo moja hawapendani hivyo.

Shemeji alikuwa na shamba la miti mlimani, nyuma ya nyumba. Alijiunga na kikundi cha mradi. Kuna kampuni ya ng'ambo ina meli za kubeba makontena, sasa meli zile zinatoa moshi unaochafua hewa ya dunia. Ndio kampuni inawalipa watu kama shemeji wapande miti na kuitunza, ili kinachochafuliwa kule kisafishwe huku.

Ile miti aliitunza utadhani ng'ombe wa mahari. Kila kiangazi alifyeka njia ya kuzuia moto kuizunguka yote, pakawa peupe kama kipara changu. Alikuwa anasema, "Shemeji, hii ndio itamsomesha Shukuru."

Shukuru ni mtoto wao, huyo huyo mmoja. Ana kifua. Akihema unasikia kinapiga mluzi kama birika.

Jumapili moja ya masika tumetoka ibadani, tumekaa uani tunakunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na majirani. Akapita dada mmoja wa mradi kuwakumbusha mambo yao. Akasema, "Miti yenu ndiyo inavuta hewa ukaa ya meli." Akaaga, akapanda pikipiki yake.

Mi nikalidaka lile neno, "inavuta". Lilikuwa tamu mno kuliacha lipite.

Nikasimama katikati ya uwanja. "Mmesikia wenyewe? Inavuta. Kama wewe unavyovuta kamba, kama mzee anavyovuta kiko. Meli inapiga moshi wake kule baharini, miti ya shemeji inauvuta. Moshi unapita Morogoro, unapanda mlima Kitonga umechoka ulimi nje, unapumzika Kihesa unywe chai, halafu unakuja kutua hapa. Nyie Wahehe mnalipwa kuvutishwa moshi wa Wazungu."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga ulanzi wake. Shemeji alikuwa anafuta machozi, anasema, "Mnyakyusa akifa, mdomo tutauzika kaburi lake peke yake."

Atu hakucheka. Alikuwa kampakata mtoto. Nilimwona. Nikadhani kachoka.

Masika yakaisha, kiangazi kikaingia. Siku hiyo tumepaki Makambako tunabadilisha tairi, mi na dereva na matingo wa malori mengine. Simu ikaita. Atu.

"Kaka," akasema, "ule moshi wa meli huwa unafika saa ngapi?"

Dereva akanikonyeza niweke sauti kubwa. Nikaweka. Hapo ndipo nilipoanza kuua, msomaji, na wala sikujua.

"Inategemea na meli," nikamwambia. "Kuna za asubuhi, kuna za jioni. Leo nasikia zipo nyingi."

Wenzangu wameshika matumbo.

"Kaka, usinitanie. Shukuru kifua kimezidi. Baba yake nikimwuliza anacheka, anasema hayo ni maneno ya kaka yako tu. Ndio nakuuliza wewe mwenyewe. Wewe unatembea, unaona. Ni kweli au ni maneno tu?"

Aliniuliza hivyo kabisa. Mlango aliufungua yeye mwenyewe, ilikuwa nitamke tu, "Ni utani, mdogo wangu, mpeleke mtoto hospitali." Hata pumzi moja isingeisha.

Lakini wanaume wote wale walikuwa wananitazama, wanasubiri nichekeshe.

Nikasema, "Ni kweli mtupu. Dawa yake choma miti. Moshi wa meli ukikuta moshi mwingine unaona aibu, unarudi kwao."

Makambako nzima ililipuka kwa kicheko. Atu akasema, "Haya, kaka. Asante." Akakata.

Aliniambia asante.

Kilichofuata niliambiwa na majirani, mengine nimeyaunga mwenyewe. Shemeji alikuwa kaenda Mafinga. Atu akambeba mtoto akamwacha kwa jirani, akachukua kiberiti akapanda mlimani. Akaivuka ile njia ya moto iliyofyekwa vizuri, akawasha katikati ya miti. Alidhani utawaka ule upande wa juu tu. Upepo wa kiangazi wa kule mnaujua, hauna adabu. Ukauchukua moto, ukaruka njia, ukaanza kushuka kwenye mashamba na nyumba za watu.

Shemeji alikuwa anarudi, akauona toka barabarani. Alikimbia na majirani, wakakata matawi, wakawa wanaupiga. Wenzake wanasema moto wa kushuka kwenye nyumba waliuweza. Ila yeye alirudi tena juu, kuna miti ilikuwa haijashika. Wakamwita, akasema, "Nakuja."

Walimkuta kalala chini, nguo zake hata hazijaungua. Moshi ndio uliomchukua.

Moshi ulifika Nyololo kweli. Niliuleta mimi.

Kwenye kikao cha kijiji Atu alisema alikuwa anachoma takataka, moto ukamshinda. Wakamsema sana. Ndugu za mumewe wengine hawamsalimii. Na yeye jina langu hakulitaja, hata kwa mama yetu.

Siku ya mazishi nilifika. Si mnajua kazi ya mtani msibani? Mtani ndiye anayewachekesha wafiwa wasife na wao. Wazee wa Kihehe wakaniona, wakaanza kunisukuma mbele, "Mnyakyusa, njoo fanya kazi yako. Marehemu mwenyewe angekudai." Watu wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Wananijua.

Nikasogea kaburini. Kichwani nilikuwa na maneno yangu tayari, nimuulize shemeji mbwa kamwachia nani.

Atu alikuwa kakaa chini kwenye mkeka, kajifunika kitenge. Akainua uso. Akasema taratibu tu, tena kwa heshima, "Kaka, wasimulie ile ya meli."

Wale waliokuwepo Jumapili ile wakadakia, "Ndiyo, ile ya meli! Marehemu aliipenda sana."

Mimi, mwenye kuvalisha kuku sweta, nikapiga magoti kwenye udongo, nikalia kama mtoto aliyepotezwa mnadani. Watu wakasema, ona jinsi alivyompenda shemeji yake. Wakanihurumia. Kuhurumiwa kule kuliniumiza kuliko kama wangenipiga.

Baadaye nilimtafuta yule dada wa mradi nikamwuliza kama moshi wa meli unaweza kufika Nyololo. Alinishangaa. Akasema hausafiri kuja kwa mtu. Unachanganyika na hewa ya dunia nzima, mti unapunguza hapo hapo uliposimama. Ni kama sufuria moja, huyu kazidisha chumvi upande huu, yule anaongeza maji upande ule. Maneno mepesi hivyo. Ningemuuliza siku ile ile kabla hajawasha pikipiki.

Shukuru walimpeleka hospitali, wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Siku hizi anakimbia na wenzake. Ilikuwa ni hiyo tu.

Mwezi uliopita nilishuka Nyololo. Atu alinipa kiti, akanipa chai, akaingia ndani. Hakutoka. Nikabaki uani na mtoto. Upepo ukavuma toka mlimani, ambako sasa ni visiki vyeusi tu, naye akavuta sweta akaziba pua.

"Mjomba," akasema, "leo zimepita meli ngapi?"

Nikamshika mikono. "Shukuru, mjomba alidanganya. Hakuna moshi wa meli unaokuja hapa. Haukuwahi kuja. Mjomba ni mwongo."

Akanitazama, halafu akaanza kucheka. Akacheka kile kicheko cha baba yake, cha kufuta machozi.

"Mjomba bwana," akasema, "wewe kwa utani." Na sweta akaliacha pale pale puani.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, wewe ambaye kijiweni wanakusubiri ufike ndio wacheke, nakuomba. Utani, tania. Lakini mtu akikuuliza mara ya pili, na sauti yake haichezi, acha wenzako wanune, mwambie ukweli. Mimi ukweli wangu niliuweka mpaka mwisho, na sasa nimebaki nao mkononi. Hata mtoto hautaki.