Jina Alilonyimwa Mjomba Twahiri

Harufu ya uji wa pilipili manga hunirudisha Kisauni, nyumbani kwa bibi yangu, mara baada ya vita vikubwa kwisha. Uji ule alikuwa akipikiwa Salma, mke wa mjomba wangu Twahiri, aliyejifungua mtoto wa kike. Chumba chake kilifukizwa ubani asubuhi na jioni, nasi watoto tukigombania kuramba sufuria. Mjomba yeye alikuwa barazani, miguu juu, anasoma riwaya.

Riwaya yenyewe sasa! Aliipata kambini alikokuwa karani, imeachwa na askari wa Kizungu, jalada limeng'oka. Ukubwani nikaambiwa ni kitabu mashuhuri mno, nikakisoma. Mwanamume kapanda gari moshi lisilofika stesheni yoyote, basi kurasa chungu nzima anatulilia kwamba hakuna pa kufika na kila kitu ni bure. Mjomba aliyameza hayo kama halua. "Maisha hayana maana," alikuwa akitutangazia, huku anaagiza chai yake iongezwe sukari. Sukari, ajabu, ilikuwa na maana. Na kanzu yake ikipigwa pasi vibaya, nyumba ilikuwa haikaliki.

Siku ya saba mtoto alipaswa kunyolewa nywele na kupewa jina, na kwetu baba ndiye mwenye kulitaja. Bibi alimwendea kwa upole.

"Twahiri mwanangu, watu wanakungoja."

"Jina ni kelele tu, mama. Mwiteni mtakavyo, au msimwite kabisa."

Wala hakuinua macho. Salma alisikia yote kule ndani, akalia mpaka nikaogopa. Kisha akajifuta uso, akamnong'oneza mtoto jina alilolichagua mwenyewe, akatuapisha sote tusimwambie mumewe mpaka aje aliombe. "Wallahi, atakayelitoa nitamkata ulimi," bibi akaongeza. Basi tukawa tunalitaja mlango umefungwa. Mjomba hakuuliza. Bwana mkubwa yule, mtoto wake mwenyewe hamjui jina, naye anageuza kurasa!

Kabla ya arubaini mtoto akashikwa na homa. Akakataa ziwa, macho yakampinduka. Bibi akatoka mbio kumwita mganga wa zahanati. Mjomba akaja kusimama mlangoni, mikono mitupu.

"Salma, nataka kumwombea. Nitamtajaje kwa Mola wake?"

"Si ulisema jina ni kelele tu?"

"Nihurumie, mke wangu."

Salma alimwacha asimame pale pale. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya kumkandia mtoto, na moyoni nilitaka ambanie zaidi. Mwisho akamwambia: "Mwanakombo." Mjomba akaketi sakafuni, akaliita jina lile, akalirudia na kulirudia, machozi na kamasi vinamtiririka, hana habari na kanzu.

Mtoto alipona. Leo Mwanakombo ni bibi wa watu, na wajukuu wake wanatoka chuo kikuu na riwaya ile ile, wanatuhubiria barazani kwamba hakuna chenye maana, kwa sauti ile ile ya mtu aliyeshiba. Ptu! Zamani mtu wa namna hiyo wanawake walimfungia mlango mpaka akajua anachokitaka. Siku hizi tunampigia makofi, tukamwita msomi.