Tarakimu Kumi na Sita Kwenye Kitako cha Kikapu

Kompyuta niliyoitumia baada ya kutoka chuo ilikuwa Makambako, nyuma ya duka la vipuri vya malori, na ili kuifikia ilibidi upite katikati ya matairi. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tanga. Watu wote walimwita Alhaji. Siku ya kwanza tu aliniambia kwamba yeye mwenyewe haelewi intaneti ni nini.

"Nilisikia watu wanailipia, nikaileta," alisema. "Hata mvua sijui inatoka wapi, lakini ikinyesha napanda."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu ameruhusiwa kuuza kila kitu na hakuna mwenye hakika nani atanunua. Nilikuwa nimerudi kutoka Chuo Kikuu na shahada, bila kazi, na tabia ya kubisha. Nilibishana na redio. Nilimuuliza padre maswali hadi akaanza kunisalimia kwa mbali. Nilikuwa naishi kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, jirani na misheni nje kidogo ya Njombe mjini. Yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama tisa waliosuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya mabondeni. Duka la ushirika lililokuwa likinunua vikapu vyao lilishafungwa, na vikapu vilijaa chumba nilicholala hadi nikawa natoa kimoja kichwani kila nikigeuka kitandani.

Nikasema nitaviuza kwenye intaneti. Sikuwa na imani kwamba mtu aliye mbali atanunua kikapu ambacho hajakishika. Nilitaka tu kuona kama waliotuambia hivyo darasani walikuwa wakidanganya.

Kutengeneza ukurasa sikujua vizuri. Nilitafuta duka la mtandaoni la huko ng'ambo lililonivutia, nikanakili mpangilio wake, nikaondoa viatu vyao nikaweka vikapu vyetu. Picha ndogo zilizokuwa chini sikuzigusa: vikadi vitatu vya rangi, na kufuli la dhahabu. Zilikaa vizuri pale. Ukurasa ulionekana kama duka.

Kwa miezi minne hakuna aliyeandika. Kila Jumanne nilipanda basi kutoka Njombe hadi Makambako, nikafungua kisanduku cha barua pepe, nikakikuta kitupu, nikarudi. Halafu Jumanne moja Alhaji alinipokea barabarani na karatasi mkononi. Wateja wake wengi hawakujua kutumia kompyuta, hivyo alikuwa na daftari lenye maneno yao ya siri, na barua zao alizifungua mwenyewe na kuzichapa. Langu pia lilikuwemo.

"Binti, mzungu wako kaandika!"

Alikuwa mama mwenye duka la vitu vya nyumbani katika nchi ya baridi. Alitaka vikapu ishirini na vinne. Chini ya anwani ya duka lake aliandika jina, kisha namba yenye mafungu manne ya tarakimu nne nne, kisha mwezi na mwaka. Akamaliza kwa kusema ameona tunapokea kadi, basi tuchukue malipo yetu humo.

Alhaji aliisogeza karatasi karibu na macho. "Hii ni simu yake?"

"Simu gani ya tarakimu kumi na sita, Alhaji?"

"Labda anakaa mbali sana."

Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba na mimi sikujua. Kadi za namna ile nilikuwa nimeziona kwenye filamu, mtu anaitoa mfukoni na kuiweka mezani. Sasa kama kadi iko kwake na namba iko kwangu, malipo yako wapi? Nilijiuliza hivyo ndani ya basi njia nzima, na kila jibu nililolipata lilizaa swali.

Mama mdogo hakuuliza mengi. "Kadi ya nini? Ya chama?"

"Kama ya chama, ila ya benki."

"Na hii namba?"

"Ni yake peke yake. Duniani hakuna mwingine mwenye namba hii."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Siku hiyohiyo aliwaita wenzake. Wakati ule viazi vilikuwa tayari kuchimbwa, na kila siku ya kusuka ilikuwa siku iliyoibwa shambani. Aliwaomba waache viazi wasuke. Walimkubalia kwa sababu ni yeye. Aliweka jina lake juu ya oda ile, na mimi nililijua hilo.

Pale kwetu barua zote zilipitia sanduku la posta la parokia. Barua ikitoka ng'ambo ilikuwa desturi isomwe nje ya kanisa baada ya misa, halafu ibandikwe kwenye ubao karibu na mlango, maana kilichopita kwenye sanduku la wote ni habari ya wote. Hii haikupita posta, lakini hakuna aliyeona tofauti. Jumapili nilisimama nikaitafsiri. Nilipofika kwenye namba nikairuka. Katekista akanizuia.

"Soma yote, usituchagulie."

Nikasoma, nne nne, polepole. Watu walisikiliza wameinamisha vichwa, na nilipomaliza mzee mmoja nyuma akasema, "Amina."

Nilikwenda benki mjini mara mbili, nikaambiwa anayehusika yuko safarini. Mara ya tatu, vikapu vikiwa karibu kuisha, nilimpata. Alikuwa kijana wa umri wangu, tai imembana shingo. Alisoma nakala niliyoiandika kwa mkono.

"Kadi yenyewe iko wapi?"

"Kwao."

"Mashine ya kupokea kadi mnayo?"

"Hatuna."

"Hata sisi hapa hatuna." Halafu akaigeuza karatasi, maandishi yakaangalia meza. "Dada, nani mwingine ameiona hii?"

Nilifikiria parokia nzima, nikasema, "Wachache."

Akaniambia kwamba mwenye tarakimu zile na ile tarehe anaweza kununua vitu mtandaoni kwa jina la yule mama, na yeye asijue mpaka benki yake imletee taarifa. Nilimuuliza inawezekanaje namba iwe siri wakati kazi yake ni kuambiwa watu. Akasema unamwambia muuzaji unayemwamini. Nikamuuliza unamwaminije ambaye hujawahi kumwona.

"Huwa kuna alama kwenye ukurasa," alisema. "Kuna kufuli dogo."

Niliichukua karatasi yangu. Nilitoka nje na nikasimama kwenye baridi, mikono ndani ya sweta. Nilijua ile ilikuwa picha tu. Niliinakili mwenyewe. Lakini hata yule mama wa ng'ambo aliona picha tu, sasa yeye angejua vipi, na mimi ningejua vipi kwamba kuna makufuli ambayo si picha?

Nilikwenda moja kwa moja kanisani kuibandua barua. Ubaoni palikuwa na matangazo ya ndoa peke yake. Nikapata nafuu kidogo, hadi nilipomkuta mama mdogo uani amekaa na katibu wa kikundi, mama mwenye ulimi mkali kuliko wote, vikapu vimepangwa kwenye mkeka.

"Kamwene, mwanangu. Barua niliichukua mimi," mama mdogo alisema, salamu na jibu pamoja, kabla sijauliza. "Tulikuwa na kazi nayo."

Akakipindua kikapu kimoja. Kwenye kitako, kwa uzi mwekundu, ilikuwa imeshonwa namba yote, mistari minne, tarakimu nne kila mstari. Ilikuwa imenyooka vizuri kuliko maandishi yangu.

"Vyote?" nikauliza.

"Ishirini na vinne. Kwani angejuaje kuwa ni vyake?"

Kila nyumba pale ilikuwa na alama yake. Sufuria, sahani, viti, vyote vilipigwa rangi au kuchorwa herufi, maana vilikwenda misibani na harusini vikachanganyika na vya wengine, na alama ndiyo iliyovirudisha. Mama mdogo alikuwa ameniuliza kuhusu namba, nami nikamjibu kwamba ni ya mtu mmoja duniani. Alama bora kuliko hiyo angeipata wapi?

Niliwaeleza alichosema yule wa benki. Nilieleza vibaya, nikarudia. Katibu ndiye aliyelishika la kufuli kwanza.

"Yaani uliweka picha ya kufuli, yeye akadhani mlango umefungwa?"

"Ndiyo."

"Na ukasema tunapokea kadi, na hatupokei?"

"Sikusema. Picha ndiyo iliyosema."

"Chuo Kikuu miaka mitatu," alisema akimwambia mama mdogo, kana kwamba mimi sipo, "na picha zake zinasema uongo bila yeye kujua."

Tulijaribu kufumua kimoja. Uzi ulitoka wote, lakini milulu ilishakauka na tundu za sindano zilibaki. Mama mdogo alikiinua kikapu kuelekea dirishani, akachungulia ndani. Mwanga ulipita kwenye tundu moja moja, na namba ikasomeka wazi kuliko ilipokuwa na uzi.

Siku iliyofuata alinisindikiza Makambako. Alhaji alitusikiliza huku akifunga kiboksi cha bolti.

"Mkimwambia, biashara imekufa," alisema. "Msipomwambia, huenda lisitokee lolote. Mimi nina daftari zima la siri za watu, na sijaiba hata moja."

"Huyu mama anajua namba yake imesomwa kanisani?" mama mdogo akaniuliza.

"Hajui."

"Mwambie."

Niliandika yote: ubao, daftari, uzi mwekundu, kufuli nililolinakili. Nilipoisoma tena barua yangu ilinishangaza mwenyewe. Ningeipokea mimi nisingeiamini.

Jibu lilikuja Jumanne iliyofuata. Kadi ameifunga, na hakuna aliyeitumia. Benki yake imemshauri asiendelee na oda. Alitushukuru kwa kusema kweli, kisha akauliza kama sisi ni duka kweli. Swali hilo nililitafsiri pia. Mpaka leo sijui ningelijibu vipi.

Katibu alitaka vikapu viende stendi ya Makambako, viuzwe kwa abiria. Mama mdogo akakataa.

"Vina alama ya mtu."

"Mama, kadi imefungwa," nikasema. "Namba imekufa. Haina mwenyewe tena."

"Yule mama amekufa?"

"Hajafa."

"Basi ana vikapu kwangu."

"Na viazi vyetu vilivyooza shambani, navyo ni vya nani?" katibu akauliza.

Mama mdogo aliwaangalia wenzake mmoja mmoja, akaanza kuvihesabu vikapu upya. Nilitaka kumtetea lakini sikujua ni upande upi wa kuutetea. Namba ile nilikuwa nimeambiwa ni siri, halafu nikaambiwa si kitu. Kwake ilikuwa jina la mtu, tangu mwanzo.

Mwishoni walikubaliana. Ishirini na tatu vishonewe maua juu ya tarakimu mpaka zisisomeke, viuzwe, kila mmoja apate chake. Kimoja kibaki kilivyo na kiende kwa mwenyewe, na gharama ya posta ataibeba mama mdogo. Katibu ndiye aliyekichagua hicho kimoja, akitukana taratibu, na alichagua kizuri.

Nilikipeleka posta mjini mimi. Karani alinipa fomu ya kujaza kilichomo na thamani yake. Kwenye kilichomo niliandika kikapu. Kwenye thamani nikakwama, maana kilishakosa mnunuzi na hakikuwa zawadi.

Karani akakichukua akikague, akakipindua.

"Hii namba ni ya nini?" aliuliza, akaanza kuisoma kwa sauti, na watu wa kwenye foleni wakasogea wasikie.

"Ni ya mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe nani?"

Nikamwonyesha jina kwenye anwani. Alilitazama, akaitazama namba, akanitazama mimi, kisha akaniambia nijaze thamani kwanza, wenzangu wanasubiri.