Nyasi Fupi Kando ya Sabaki

Naogopa mto, naogopa giza, naogopa hata kuchekwa. Lakini binamu yangu Rehema alikuwa karibu kuolewa na kuhamia Mariakani, na aliniomba jambo moja tu: tulale pamoja hemani, usiku mmoja hifadhini, kabla hajaondoka. Sikuweza kukataa.

Asubuhi tulitoka Mambrui kwa gari la mjomba, akatushusha langoni na kurudi. Kusimika hema nilijifundisha mwenyewe, uani, mpaka majirani wakachoka kunitazama.

Hifadhi yenyewe ni ndogo, kipande cha msitu na nyasi ukingoni mwa mto Sabaki. Maji ni mekundu kwa udongo, huoni kilichomo. Askari wa hifadhi, Kahindi, alitutembeza kutazama ndege, kisha akaenda kutafuta kuni. Nami nikapata pahali pazuri mno: tambarare, nyasi fupi. Hema likasimama limenyooka. Nikajivuna.

Alasiri Kahindi alirudi, akautupa mzigo wa kuni chini.

"Dada, nani kawaonyesha hapa?"

"Nimechagua mwenyewe. Nyasi zimefyekwa vizuri."

"Zimefyekwa na viboko! Hii ndiyo njia yao ya kwenda kula. Ng'oeni upesi, jua lashuka."

Nikang'oa vigingi mbiombio, lakini bado nilikunja hema pembe kwa pembe.

"Wee Bibi Vipimo," Rehema akacheka, "likusanye tu kama nguo chafu!" Akateremka kuchukua ndoo tuliyoiacha ukingoni.

Maji yakapasuka nyuma yake. Kikatoka kichwa, kisha mabega. Rehema alikuwa katikati ya njia, ndoo mkononi, na kiboko anapanda.

Nilitaka kumkimbilia. Kahindi akanikamata. "Akikimbia njiani atafuatwa. Mwambie aingie kando!"

Nikajaribu kuita, hewa tupu ikatoka. Nikajaribu tena.

"Rehema! Ruka kichakani!"

Akaruka kwenye miiba. Sisi tukakimbilia nyuma ya miti. Kiboko akapita juu ya hema langu, akaenda zake malishoni.

Tulilala kwenye banda la askari, nimemshika Rehema mkono mpaka asubuhi.

Tukiwa garini mwa mjomba kurudi nyumbani, nikimtoa miiba iliyobaki kwa sindano, nilimweleza nilichojifunza: woga haujanitoka, ila mwingi nimekuwa nikiupoteza bure kwa mikunjo ya hema na vicheko vya watu. Ule wa kumkosa yeye ndio ulionipa sauti.

Rehema akakunja uso kwa uchungu wa sindano.

"Sawa, Bibi Vipimo. Toa mwiba."