Chupa ya Kwanza kwa Mjukuu

Tarehe kumi na mbili Juni, mashine ya kukamua mafuta kiwandani ilianza kunguruma saa mbili asubuhi na kuzimwa saa nane mchana. Saa nne za mwanzo ilikamua karanga. Mbili za mwisho, nazi. Katikati, Bibi Chujio aliifuta kwa kitambaa kikavu tu.

Wakamuaji wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu kila kitu alikichuja mara mbili.

"Hata uji wako unauchuja?" walimtania.

"Nauchuja, makapi nawaletea ninyi," alijibu.

Kiwandani humo, kila walipobadilisha mbegu, chupa ya kwanza haikuuzwa, kwa kuwa ilibeba mabaki ya mkamuo uliotangulia. Mkamuaji aliichukua nyumbani akapikia. Siku hiyo Bibi Chujio hakuipeleka jikoni. Mjukuu wake wa miezi mitano alikuwa na pumu ya ngozi, mikunjo ya viwiko imepasuka, naye hakuamini kwamba mafuta ya mkono wake mwenyewe yangeweza kumdhuru.

"Mpake huyu mume wangu," alimwambia mkwewe, mama wa mtoto. "Nazi tupu, hayana manukato."

Jioni mtoto alioshwa, akapakwa. Kabla hajavalishwa, mabaka mekundu yaliyovimba yalitapakaa mikononi na kifuani, akalia hadi sauti ikamkauka.

Walimkimbiza zahanati. Kwenye benchi la kusubiria, shangazi wa mtoto, binti wa Bibi Chujio, hakuuzuia ulimi wake.

"Wifi naye na masabuni yake! Mtoto ananukia kama bibi harusi."

Mkwe aliendelea kumpepea mwanawe. Bibi Chujio alikuwa ameshajua. Alipompokea mtoto mlangoni alinusa kifua chake, na chini ya harufu ya nazi akaikuta ya karanga. Hata hivyo, binti yake alipomgeukia kutafuta mtu wa kumuunga mkono, alitikisa kichwa kukubali.

Ndani, muuguzi aliuliza mtoto amepakwa nini.

"Mafuta ya nazi, dada. Nazi tupu."

"Basi tutaanza kwa kumzuilia nazi. Vingine endeleeni navyo."

Vingine. Karanga zilikuwa ndani ya neno hilo.

"Yana karanga," alisema Bibi Chujio, macho sakafuni. "Ni chupa ya kwanza, na mashine sikuiosha. Nimejua tangu nyumbani."

Muuguzi alimpa mtoto dawa kwanza, ndipo akaeleza kwamba mafuta ya karanga yaliyokamuliwa hivi hivi, bila kusafishwa zaidi, huweza kubaki na chembe zinazoleta mzio, na kwamba ngozi iliyopasuka huzipokea upesi. Mtoto wa namna hiyo, alisema, asipakwe mafuta yoyote ya kupikia kabla ya kumwuliza daktari.

Uvimbe ulipopungua, mkwe alizungumza bila kupaza sauti.

"Ungesema pale nje, mama. Nimesimangwa, nawe umekaa ubavuni mwangu."

Bibi Chujio alitamani ardhi impasukie. Alinyoosha mikono ampokee mtoto, lakini mkwe alikwisha kumfunga mgongoni.

Mwaka mmoja baadaye mtoto alikuwa akitembea, na daktari alikuwa amethibitisha mzio wa karanga. Kila Jumapili mkwe alimleta kwa bibi yake, na katika mkoba alibeba mafuta ya mtoto aliyoyanunua kwingine.